Bobi hajaharibika: mchezo wa mbwa wa nyumba ya wageni, kusi hadi masika

Msomaji mmoja anaendesha nyumba ya wageni ya vyumba sita upande wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Ameniletea swali refu, nalifupisha. Mbwa wao, Bobi, ni wa kienyeji, dume, ana miaka miwili. Wageni wakijaa, Bobi ni furaha ya nyumba nzima: anakimbia nao ufukweni, anafukuza kaa, anarudisha mpira hata ukitupwa majini. Masika yakiingia na vyumba vikabaki vitupu, anageuka. Anatafuna ndala, anachimba bustani, anawarukia wahudumu, usiku anabweka. Majirani wanasema wageni wamemdekeza mpaka kaharibika, dawa yake mnyororo. Anauliza: "Daktari, ni kweli kaharibika? Nimfunge? Au nimtafutie mwenzake? Na huu mchezo wake wa mwaka mzima, hauna madhara kwake wala kwa wageni?"

Dada yangu, wa alaikumu salaam. Bobi hajaharibika. Bobi amesimamishwa kazi.

Kwa miezi kadhaa alikuwa na watu wanane, watu kumi, wa kumtupia mpira tangu asubuhi mpaka magharibi. Halafu siku moja gari la mwisho likapanda kivuko, na hakuna aliyemweleza kitu. Nguvu zake ziko palepale, hamu iko palepale, wa kucheza naye hayupo. Basi anajitafutia. Ndala ina harufu ya mtu. Bustani ina udongo laini wa mvua. Mhudumu akirukiwa anapiga kelele na kukimbia, na kwa mbwa hakuna mwaliko mtamu kuliko huo. Mnyororo utamtoa ndala mdomoni lakini hautamtoa haja moyoni. Atabweka zaidi, na baada ya miezi michache utakuwa na mbwa anayemrukia kila apitaye kwa hasira ya kutofika popote. Wengi wa mbwa wanaoletwa kwangu kwa ukali wametoka mnyororoni, na kumrudisha mbwa kutoka huko ni kazi ndefu kuliko kumzuia asifike. Usimfunge.

Ninachokuomba ni kitu kimoja, na mengine yote nitakayosema yanatoka hapo: mchezo wa Bobi uwe mali yako. Sasa hivi ni mali ya wageni. Wao ndio wanaouanzisha, wao ndio wanaoumaliza, na wakiondoka wanaondoka nao.

Nieleze kwanza mchezo wenyewe. Wanyama wengi hupunguza mchezo wakishakua, lakini mbwa huendelea mpaka uzeeni, na mchezo wake una taratibu. Mtazame Bobi anapomwendea mgeni: anashusha kifua, miguu ya mbele inalala chini, makalio yanabaki juu, mkia unapunga. Hiyo ni hodi. Anasema, yatakayofuata, hata mkiona meno, ni mchezo. Marc Bekoff, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani, aliwachunguza mbwa, mbwamwitu na koyote (jamaa wa mbwamwitu wa Amerika) wachanga, akachapisha mwaka 1995 kwamba huinama namna hii hasa kabla tu au mara baada ya kuuma huku wakitikisa kichwa, yaani pale pale ambapo mwenzao angeweza kudhani ni ugomvi wa kweli. Mimi hili nikiliona kwa mbwa wa kijijini ambaye hajafundishwa na mtu yeyote, hadi leo linanifurahisha.

Hodi husubiri jibu. Mbwa anayecheza vizuri husimama kidogo kila mara, amtazame mwenzake kama bado anataka. Mwenye nguvu hujilegeza kwa mnyonge, hujiangusha makusudi. Aliyefukuza anakubali kufukuzwa. Mwili umelegea, mdomo uko wazi. Mchezo ukichafuka, mwili unakakamaa, mdomo unafungwa, macho yanakaza, na zamu zinakwisha: mmoja anafukuza tu, mwingine anatafuta pa kujificha. Hapo unamwita, unampa maji, unamwacha atulie. Wafundishe hayo wahudumu wote pamoja na mlinzi wa usiku, maana wao ndio wanaokuwa na Bobi wewe ukiwa Tanga mjini kununua mahitaji.

Sasa tufuate mwaka unavyokwenda.

Kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, ni msimu mzuri kuliko yote kwa mwili wake na mgumu kuliko yote kwa akili yake. Hewa imepoa, upepo unapiga, anaweza kukimbia muda mrefu asidhurike. Lakini ndipo wageni wanapojaa, na kila mmoja kwake Bobi ni mpya. Mbwa mzima hulala saa 12 hadi 14 kwa siku, tena kwa vipande vipande. Nyumba ikijaa, vipande hivyo vinaliwa: mtoto kamvuta sikio, sahani zimegongana, gari limeingia, mpira umedunda. Siku zikifuatana hivyo, hata mbwa mpole hufika mahali akamkwaruza mtoto kwa jino, na watu wote wakasema ilikuwa ghafla. Haikuwa ghafla. Alipiga miayo bila usingizi, akajilamba pua, akageuza uso, akaonyesha weupe wa jicho, mwisho akanguruma. Nakusihi, asipigwe kwa kunguruma. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hujifunza kuacha kuonya, na asiyeonya ndiye wa kuogopwa.

Kwa hiyo mpe mahali pake. Banda la makuti nyuma ya jiko la nje linatosha, penye kivuli, maji na upepo, na kamba ya kuwaonyesha wageni kwamba hapa hawapiti. Kila siku saa nane hadi saa kumi Bobi yuko mapumzikoni, hata mgeni aombe vipi. Na mpira ukae mapokezi. Anayetaka kucheza naye auombe, acheze kwa muda, aurudishe. Utashangaa jinsi jambo hili dogo linavyobadili mambo: mbwa anajifunza kwamba mchezo unaanzia kwako na unaishia kwako.

Vuli sitaikalia sana. Oktoba hadi Desemba mvua ndogo zinaotesha majani, na kupe wanajaa. Kila jioni pitisha vidole masikioni, kwapani na katikati ya kucha zake, maana kupe wa mbwa hubeba vijidudu vya homa inayokausha damu. Mwombe daktari wa mifugo wa karibu dawa ya kupe inayofaa uzito wake. Chura na nyoka nao hutoka. Swila akimtemea machoni, mwoshe kwa maji mengi hapo hapo, kwa dakika nyingi bila kuchoka, kisha mpeleke kwa daktari.

Kaskazi ndiyo inayoniogopesha. Kuanzia Desemba hadi Machi Pangani inachemka, nanyi mna wageni wa Krismasi na mwaka mpya wanaotaka kuwa majini mchana kutwa. Mbwa hana jasho la kumpoza mwili. Tezi zake za jasho ziko kwenye nyayo, na karibu kupoa kwake kote ni kuhema. Hewa ikiwa na joto na unyevu kwa pamoja, kuhema hakusaidii sana. Na mbwa anayependa mpira hatasema nimechoka. Ataendelea kurudisha mpaka aanguke. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, likifika 41 viungo vya ndani viko hatarini.

Katika miezi hiyo mpira uchezwe kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni, basi. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye mchanga. Ukishindwa kuhesabu mpaka saba, na yeye nyayo zinamuungua. Ukiona ulimi umekuwa mwekundu kupita kiasi, mate mazito, anayumba au anatapika, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na huku mkimpoza mtafuteni daktari. Msimlazimishe kunywa.

Bahari nayo ina yake. Mbwa anayeogelea kufuata mpira huku mdomo wazi humeza maji ya chumvi mengi bila mtu kuona. Jioni anaharisha maji na kutapika, na chumvi ikizidi mno hupata degedege na anaweza kufa. Anywe maji baridi ya kisima kabla ya kushuka pwani, na kila baada ya mizunguko michache apumzishwe na kunyweshwa tena. Ngalawa zinaporudi asubuhi mzuie asiokoteokote, maana wavuvi hutupa samaki aina ya bunju mchangani. Sumu ya bunju hupooza misuli hadi ile ya kupumulia, haina dawa ya kuiua, na hata kupika hakuiondoi. Zungumza na wavuvi wa hapo, ni watu wanaoelewa: wakikuona unajali, watamtupa bunju mbali. Makumbi ya nazi pia msimwachie. Kuyararua ni raha kwake, lakini nyuzi zikimezwa huweza kuziba utumbo, na hapo hakuna njia ila upasuaji.

Na sahani za wageni! Chokoleti, vitunguu na zabibu kavu ni sumu kwa mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka ikawa ncha. Andika kwa upole ubaoni, karibu na bei za vyakula: Bobi ana chakula chake.

Uliuliza kama mchezo wake una madhara kwa wageni. Yapo madhara ambayo nyumba nyingi za ufukweni hawayafikirii kabisa, nayo yako mchangani. Minyoo ya safura ya mbwa hutaga mayai yanayotoka na kinyesi. Katika mchanga wenye joto na unyevunyevu mayai huanguliwa, na mabuu huingia kwenye ngozi ya mtu anayetembea pekupeku au aliyelala kuota jua. Hawafiki mbali, maana binadamu si mwenyeji wao, lakini hutambaa chini ya ngozi na kuacha mstari mwekundu uliopindapinda, unaowasha mtu akakosa usingizi. Mgeni anarudi kwao na mstari huo mguuni, na jina la nyumba yako linakwenda nao. Mpe Bobi dawa ya minyoo kila miezi 3. Mfundishe kwenda haja mahali pamoja, ndani ya uwanja wenu, mbali na mchanga wa kulalia, na kinyesi kizolewe kila siku.

Matembezi ya porini ni suala jingine. Wageni wanapenda kumchukua Bobi wanapokwenda kutazama ndege na vichaka, hasa upande wa kusini kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Huko kuna mbung'o, na mbwa huumwa vibaya na nagana, ugonjwa wa damu unaoletwa na mbung'o, kuliko wanyama wengi. Akianza kukonda ilhali anakula, ufizi ukawa mweupe, homa ikaja na kuondoka, na jicho likaingia ukungu, usimtibu kwa kubahatisha, apimwe damu. Sisi watu wa Tanga tuna haki ya kumjua mdudu huyu kuliko wengine: madume tasa yaliyotumika kumtokomeza mbung'o Unguja yalizalishwa hapa hapa Tanga, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Bara bado yupo. Bobi abaki ufukweni.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami nalisema kwa sababu nakujali wewe na biashara yako. Wageni wako wengi, na wahudumu wako, ni Waislamu, na katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mtu anayejikunja Bobi akimsogelea huenda hana chuki naye, anatunza swala yake. Dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda, na watoto wetu chuoni husimuliwa habari ya aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Adabu na huruma zinakaa pamoja vizuri kabisa, ila zinahitaji mpaka. Baraza iwe mpaka wa Bobi: hapandi, haingii vyumbani, hagusi mikeka wala vyombo. Mfundishe kwa dagaa. Akifika ukingo wa baraza akasimama, anapewa dagaa. Akipanda, anashushwa bila kelele na hapati kitu. Mfundishe pia kukaa chini kabla ya kusogelea mtu yeyote. Mgeni akinyoosha mkono, Bobi anaruhusiwa kwenda. Asiponyoosha, Bobi anageuka. Mbwa wa miaka miwili anaweza kujifunza hili ndani ya wiki chache, ilimradi wahudumu wote wafuate utaratibu mmoja. Akipata dagaa kwa mmoja na teke kwa mwingine, hatajifunza.

Sasa masika, ambayo ndiyo iliyokufanya uniandikie. Usingoje gari la mwisho lipande kivuko. Anza wiki mbili au tatu kabla, wageni wangali wapo wachache, kwa kuhamisha mchezo kidogo kidogo kutoka kwao kuja kwako. Asubuhi moja na jioni moja, wewe au mhudumu mmoja aliyechaguliwa, saa zile zile kila siku. Mbwa hupenda kujua kinachofuata. Akijua kwamba baada ya chai kuna mchezo, atangoja chai, hatangoja kivuko.

Mvua ikinyesha kutwa, mbio hazipo, basi tumia pua yake. Pua ya mbwa huchoka kwa raha, na robo saa ya kunusa kwa bidii humtuliza zaidi ya kurushiwa mpira muda mrefu. Chukua vifuu vitatu, ufiche dagaa chini ya kimoja mbele yake, umwache achague. Akishaweza, vifanye vitano, kisha uvihamishe asione. Kunja gunia la zamani ukiwa umetia vipande vya ugali mkavu katikati ya mikunjo, alikunjue mwenyewe. Ficha kitambaa chenye harufu yako kwenye jiko la nje, umwambie atafute. Chakula chake cha jioni kisiwekwe sahanini kila siku. Siku nyingine kisambazwe bandani mwake akiokote. Hayo hayana gharama yoyote, na ndala zako zitapona.

Kwa kuvutana, kamba ya katani inafaa, nawe unakaa karibu na Kikogwe, mkonge wa kwanza nchini ulikopandwa mwaka 1893, kwa hiyo hutaikosa. Ipige fundo mbili. Mchezo una sharti moja: ukisema "acha", anaachia, na akiachia tu unamrudishia kamba mnaendelea. Hapo anaona kwamba kutii hakumnyimi kitu. Jino likigusa mkono wako, mchezo unaisha dakika ile ile. Kamba ikianza kuchakaa nyuzi, itupe, kwa sababu ile ile ya makumbi.

Kuchimba usikukataze moja kwa moja. Mpe kona yake, mita mbili kwa mbili, yenye mchanga wa mto, uzike humo mfupa mbichi mkubwa au kifuu chenye chakula. Akichimba bustanini mpeleke kwenye kona yake, umsaidie kuanza. Na anapowarukia wahudumu, wageuke kimya na kusimama tuli. Wasipige kelele, wasimsukume, maana kusukumwa kwake ni mchezo. Miguu yake minne ikigusa chini ndipo aitwe jina na kupapaswa shingo. Kubweka usiku kutapungua kwenyewe akichoka kihalali mchana.

Kumbuka pia kwamba majira ya mbwa wa nyumba ya wageni ni majira ya watu. Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, na nyumba inaweza kupoa katikati ya kusi, au sauti za daku zikamwamsha saa tisa usiku. Ukiona ukimya unakuja, anzisha ratiba ya masika hata kama jua linawaka.

Kuhusu chanjo nitakuwa mkali. Mbwa anayecheza na watu kwa meno, hata kwa upole, lazima awe na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka bila kuruka. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895; kwako inaangukia wageni wa kusi wanapopungua, ifanye ndiyo siku ya Bobi kila mwaka. Kadi yake ikae mapokezi. Mgeni akikwaruzwa na mbwa yeyote, wa kwenu au wa kupita, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa dalili zake zikishajitokeza hakitibiki, lakini chanjo baada ya kuumwa, ikiwahi, huokoa.

Umeuliza kama umtafutie mwenzake. Kwa sasa, hapana. Mbwa wawili wasio na ratiba watachimba mashimo mawili, tena wakifundishana. Mpe Bobi masika moja ya utaratibu huu. Akitulia na bado ukaona anasimama ukingoni mwa uwanja akiwatazama mbwa wa jirani, chukua mtoto wa kike, akiwa na wiki 8 au zaidi, asiachishwe mama yake mapema kuliko hapo. Muda wa mtoto wa mbwa kuzoea dunia ni mpaka karibu wiki ya 14, kwa hiyo mlete wakati ambapo kuna wageni wachache wapole, Juni mwanzoni kwa mfano, aone watoto, wazee, kanzu, mabuibui, miamvuli na mabegi ya magurudumu, ila kinyesi cha mbwa asiowajua asikisogelee mpaka chanjo zake za utotoni zikamilike. Chanjo ya kichaa apewe akifikisha miezi 3. Na kabla hajafikisha miezi 6 uwe umeshapatana na daktari wa mifugo siku ya kumhasi Bobi, kwa sababu mwenye vyumba sita hana haja ya watoto wanane wa mbwa masika yajayo.